Ndege wa Uani na Afya ya Uzeeni

Kuangalia ndege ni shughuli ya kuwatazama ndege wa porini wakiwa huru, kuwatambua kwa umbo, rangi, sauti na mwenendo wao, na mara nyingi kuandika kile kilichoonekana. Nayo, ingawa katika Afrika Mashariki watu wengi huihusisha na watalii wanaozunguka mbugani wakiwa na darubini shingoni, haihitaji mbuga wala gari. Kenya na Tanzania kila moja ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na sehemu ya aina hizo huishi, hula na kuzaa katika nyua za nyumba za kawaida, kati ya mpapai na kamba ya kuanikia nguo. Kwa mtu aliyetimiza miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 huuhesabu kuwa mwanzo wa uzee, shughuli hii ndogo ina faida ya kiafya ambayo haitokani na ndege kuwa dawa. Faida hiyo hutokana na jinsi shughuli yenyewe inavyokokota mazoea mengine, kama vile kuamka mapema, kutoka nje, kutembea, kutega sikio, kukumbuka na kuzungumza na wenzake, ambayo mtu huyohuyo angeyaona mzigo kama daktari angemwandikia moja baada ya jingine.

Kwa kawaida mtumishi wa umma nchini Tanzania hulazimika kustaafu akifikisha miaka 60, na nchini Kenya umri ni huohuo kwa watumishi wengi wa serikali. Siku inayofuata, ratiba iliyomwamsha kwa miaka zaidi ya thelathini hutoweka, na pamoja nayo hutoweka safari ya kwenda kazini, ngazi za ofisini, mazungumzo ya saa nne wakati wa chai na sababu ya kuvaa viatu. Wengi hujikuta wakisinzia mchana na kukosa usingizi usiku, jambo ambalo lina maelezo yake katika elimu ya mwili: ubongo wa binadamu una saa ya ndani inayopanga nyakati za kulala na kuamka, na saa hiyo hurekebishwa kila siku hasa na mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Mtu anayekaa ndani ya chumba chenye mapazia mpaka saa nne huinyima saa hiyo ishara inayoitegemea. Ndege, kwa upande wao, huanza shughuli zao mapema, kwa kuwa wameamka na njaa baada ya usiku mzima, hewa bado ni baridi, na madume huimba ili kutangaza mipaka ya maeneo yao kabla ya jua kuwa kali. Kwa hiyo anayetaka kuwaona vizuri hana budi kuwa nje kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, na hizo ndizo saa ambazo mwanga humfaa zaidi bila joto kumwelemea.

Katika uwanja wa kawaida wa mji au kijiji, wa kwanza kuonekana mara nyingi ni tetere, njiwa wadogo wanaookota mbegu chini kwa mwendo wa hatua fupi, na shore, ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi ambaye huimba akiwa juu ya kichaka na hujulikana kwa kuwa hatulii mdomo. Kwenye mpapai wenye matunda yaliyoiva huja kuzumburu kwa makundi, ndege wenye mikia mirefu na ushungi kichwani, ambao hutambaa matawini na kuning'inia huku wakila, na ambao mwenye shamba la matunda hana sababu kubwa ya kuwapenda. Katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi, kwarara hutembea juu ya majani mafupi akichomeka mdomo wake mrefu uliopinda ardhini kutafuta wadudu, kisha huruka kwa kelele inayoamsha mtaa mzima. Dudumizi, ambaye pia huitwa tipitipi, huonekana kwa nadra kwa sababu hupenda kujificha vichakani, lakini mlio wake unaoshuka polepole, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba, husikika mbali, na jamii nyingi huuhusisha na mvua.

Anayestahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi ni mnana, ndege wa manjano mwenye weusi kichwani ambaye wengine humwita kwera. Dume hutua kwenye ukingo wa kuti la mnazi au jani la mgomba, huuma ukingo huo mpaka apate mkato mdogo, kisha huruka akiwa ameushika mkato mdomoni, na mwendo wake mwenyewe huchana ukanda mwembamba ambao huupeleka kwenye ncha ya tawi alilolichagua. Kanda za kwanza hufungwa kwenye tawi na kufumwa mpaka ziwe pete inayosimama wima. Ndege husimama ndani ya pete hiyo na kujenga kuta kuelekea mbele, akifika pale tu mdomo wake unapoweza kufika bila kuondoa miguu, na ndiyo maana viota vya mnana hulingana ukubwa. Kazi ikikamilika, dume huning'inia chini ya kiota akipigapiga mabawa na kuita, na majike huja kukagua. Kiota kikikataliwa na majike kwa siku kadhaa, majani yake hukauka na kupoteza rangi ya kijani, hapo fundi mwenyewe hukibomoa na kuanza kingine mahali palepale. Mzee aliyewahi kusimamia ujenzi wa nyumba yake hatakosa maoni kuhusu jambo hilo. Tukio zima, kuanzia ukanda wa kwanza mpaka jike kuhamia au kiota kubomolewa, linaweza kufuatiliwa kutoka kwenye kiti kimoja, na humpa mtazamaji sababu ya kutoka nje kesho yake ili aone kilichoendelea.

Chozi ni mdogo zaidi, mwenye uzito wa gramu chache tu na mdomo uliopinda unaoingia ndani ya ua ili kunyonya ute mtamu. Madume wa aina nyingi za chozi wana manyoya yanayometameta kijani, buluu au zambarau kutegemea upande unaoangukiwa na jua, wakati majike wengi ni wa rangi ya kijivu au kijani iliyofifia. Kiota cha chozi huning'inizwa kwenye kitawi, na wakati mwingine kwenye waya chini ya upenu wa nyumba, kikiwa kimeshikanishwa kwa utando wa buibui. Mwenye nyumba anayefagia kila utando kwa bidii humwondolea ndege huyu malighafi yake ya ujenzi.

Kalenda ya uani nayo hubadilika. Kuanzia Septemba hufika mbayuwayu waliozaliana Ulaya na Asia, ambao hukimbia majira ya baridi kule kaskazini na kukaa Afrika mpaka Machi au Aprili, wakila wadudu hewani. Keremkerem wa Ulaya nao hupita juu kwa makundi, na mara nyingi husikika kabla ya kuonekana. Mtu anayeandika tarehe ya mbayuwayu wa kwanza kila mwaka anakuwa na kumbukumbu yenye faida kwake na kwa wataalamu.

Je, utafiti unasemaje kuhusu faida hizi? Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusisha watu wapatao 1,300, ambao waliulizwa kupitia programu ya simu, mara kadhaa kwa siku, kama walikuwa wanaona au kusikia ndege na walikuwa wanajisikiaje wakati huo. Waliokuwa na ndege karibu walieleza hali njema zaidi ya akili, na nafuu hiyo iliendelea kwa saa kadhaa, hata miongoni mwa waliokuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu. Mwaka huohuo watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Berlin waliwasikilizisha watu 295 sauti zilizorekodiwa kwa muda wa dakika sita, baadhi wakisikia kelele za magari na wengine nyimbo za ndege. Waliosikia ndege walipungukiwa na wasiwasi. Lakini jaribio hilohilo halikuonyesha badiliko lolote katika uwezo wa kukumbuka na kufikiri. Msomaji anapaswa kuyashika matokeo yote mawili kwa pamoja. Tafiti hizi hazikuwalenga wazee peke yao, hazikufanywa Afrika, na hakuna msingi wa kumwahidi mtu kwamba kuwasikiliza ndege kutamkinga na maradhi ya kusahau, ingawa ahadi ya namna hiyo husambazwa kwa urahisi kwenye simu.

Vilevile ni vyema kukiri kwamba kukaa kwenye kiti cha uani, hata kwa saa mbili, hakuhesabiki kuwa mazoezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani ile inayoongeza mapigo ya moyo lakini humwacha mtu aweze kuzungumza, na kwamba siku tatu au zaidi kwa wiki wafanye mazoezi ya nguvu na ya kudumisha usawa wa mwili. Uwanja wa nyumba ni mahali pa kuanzia. Anayewajua ndege wake kumi wa kila siku huanza kujiuliza ni nani anayelia ng'ambo ya barabara, na swali hilo humtoa hadi mtoni, kwenye uwanja wa shule au kando ya shamba la jirani. Matembezi ya dakika 30 kwa siku tano za wiki hutimiza kiwango hicho cha dakika 150, na kwa mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari, mwendo wa kila siku ni sehemu ya tiba inayokwenda sambamba na vidonge, si badala yake.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote katika shughuli hii ni kuanguka. Anguko huweza kumwacha mzee na nyonga iliyovunjika, na nyonga iliyovunjika huweza kumwacha kitandani kwa miezi. Mwangalia ndege anayetembea huku macho yakiwa juu ya mti anajiweka katika hatari hiyohiyo, hasa kwenye njia yenye mizizi, mawe au mfereji ulio wazi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kusimama kabisa, miguu ikiwa imetengana kidogo, ndipo macho yainuliwe. Wanaotumia baadhi ya dawa za presha huweza kupata kizunguzungu wanapoinuka ghafla kutoka kwenye kiti au wanapokunja shingo nyuma kwa muda mrefu, na hao huwafaa kiti chenye mgongo ulioinama nyuma, ili mwili wote uelekee juu badala ya shingo peke yake.

Kuna faida nyingine ambayo huzungumzwa kidogo: ndege humsaidia mtu kutambua mapema udhaifu wa macho na masikio. Usikivu unaopungua kwa sababu ya umri huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, za juu, huku sauti nzito za mazungumzo zikiendelea kusikika, kwa hiyo mzee huweza kuishi miaka kadhaa bila kujua kwamba anapungukiwa. Mlio wa chozi ni mwembamba sana, na wa tetere ni mzito. Mjukuu akisema kwamba chozi analia juu ya shubiri na babu yake hasikii sauti yoyote ilhali tetere anamsikia vizuri, hiyo ni sababu tosha ya kwenda kupimwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa usikivu unaoathiri maisha yao, na upungufu usiotibiwa humtenga mtu na familia akiwa amekaa katikati yake. Kwa upande wa macho, mtoto wa jicho, yaani ukungu unaojijenga ndani ya lenzi ya jicho, hufifisha rangi polepole, hasa buluu na zambarau, na huufanya mwanga wa jua uumize. Chozi aliyekuwa aking'aa mwaka juzi na leo anaonekana wa kahawia hajabadilika. Mtoto wa jicho ndiye anayeongoza kusababisha upofu duniani, na huondolewa kwa upasuaji mfupi ambao humruhusu mgonjwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo mara nyingi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42, ambapo ya kwanza ni idadi ya mara ambazo kitu hukuzwa na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini ya kukuza mara 10 au zaidi haiifai mikono inayotetemeka, kwa kuwa mtetemo nao hukuzwa. Inayokuza mara 8, yenye lenzi ya milimita 32, ni nyepesi shingoni na inatosha kwa uwanja wa nyumba. Daftari na kalamu vinafaa kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kuandika tarehe, saa, idadi na tendo la ndege humlazimisha mtazamaji kuangalia kwa makini badala ya kutupa jicho.

Kuwavutia ndege uani kunahitaji busara kuliko fedha. Beseni pana lenye maji ya kina kisichozidi sentimita tano, likiwa na jiwe katikati la kutulia, litaleta ndege wengi katika kiangazi kuliko nafaka. Maji hayo lazima yamwagwe na beseni lisuguliwe kila baada ya siku mbili, kwani mbu anayeeneza homa ya dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hutaga mayai yake kwenye ukuta wa chombo karibu na maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga bila kusugua hakutoshi. Shubiri yenye maua mekundu humleta chozi, mpera na mpapai huwaleta shore na kuzumburu, na kona iliyoachwa na nyasi zenye mbegu huwaleta chiriku. Mabaki ya wali na ugali yaliyotupwa uani, kinyume chake, huwaleta panya na kunguru. Mikono ioshwe baada ya kusugua beseni, na ndege aliyekutwa amekufa asishikwe kwa mikono mitupu. Mwaka 2017 mafua ya ndege yalithibitishwa nchini Uganda kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, na wakiwapo wengi waliokufa mahali pamoja ofisa mifugo apewe taarifa.

Kunguru wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, anahitaji maelezo ya peke yake. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, akazaliana, akavuka kwenda pwani ya bara, na leo ametawala Dar es Salaam na Mombasa, ambako hula mayai na makinda ya ndege wadogo na kuwanyakua vifaranga wa kuku. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru hao kwa idadi ya milioni moja. Mzee aliyeishi pwani tangu utotoni anaweza kusema ni ndege gani waliokuwa mtaani mwake kabla kunguru hawajazidi, na ushuhuda wa namna hiyo, ukiandikwa, una uzito ambao mtafiti kijana hawezi kuupata kwingine.

Suala la bundi ni gumu zaidi, kwa kuwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki sauti yake huchukuliwa kuwa taarifa ya kifo, na wako wazee wanaoamuru afukuzwe kwa mawe. Bundi huwinda panya usiku karibu na makazi ya watu kwa sababu panya wako hapo, na nyumba yenye mgonjwa, ambayo taa yake huwaka mpaka usiku wa manane na ambayo watu wake wako macho, ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kumsikia. Anayemtazama kwa wiki chache akihesabu panya anaowabeba atakuwa na ushahidi wa kuuweka kando ya imani hiyo.

Upweke ni tatizo la afya sawa na presha, na uwanja wa nyumba peke yake hauumalizi. Jijini Nairobi, chama cha historia asilia ya Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1909, ambacho leo kinajulikana kwa jina la Nature Kenya, kimekuwa na matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi tangu mwaka 1971, yaliyoongozwa kwa miongo mingi na Fleur Ng'weno, na ndani yake wanafunzi, waongoza watalii na wastaafu hutembea pamoja. Mradi wa ramani ya ndege wa Kenya nao hupokea orodha za watu wa kawaida. Nchi imegawanywa katika miraba yenye upande wa kilomita tisa hivi, na mtu huandika aina zote alizoziona ndani ya mraba wake, wakiwamo tetere na shore ambao wengi huwapuuza. Mahali pasipo na chama, jirani mmoja na mjukuu mmoja wanatosha kuanzisha kikundi, na hapo mjukuu atajua kutumia simu huku babu au bibi akijua majina ya ndege kwa lugha ya nyumbani, ambayo simu haina.

Familia inayomtafutia mzazi aliyestaafu zawadi basi ianze na kiti imara chenye mikono ya kushikia wakati wa kuinuka, kikiwekwa kivulini upande wa mashariki wa uwanja ili jua la asubuhi liwe nyuma yake na limulike ndege mbele yake, pamoja na daftari na beseni la maji. Darubini inaweza kununuliwa baadaye, lakini miadi ya kupimwa macho na masikio ichukuliwe mwezi huu.